Beki Haimbwi: Musa Otieno na swali la mdogo wangu

Leo sina vichekesho. Leo nina stori ya mpira, na mwisho wake kuna jambo la nyumbani kwetu ambalo sijalimaliza.

Jumamosi iliyopita mdogo wangu alirudi jioni kutoka mechi, soksi nyekundu kwa vumbi. Walikuwa wameshinda 1-0. Aliyefunga alibebwa mabegani, akanunuliwa soda, akaimbwa uwanja mzima. Mdogo wangu ni beki wa kati. Aliokoa mipira miwili kwenye mstari wa goli, mimi mwenyewe nilimwona. Hakuna aliyemwambia hata pole ya kuchoka.

Alikula muthokoi wake kimya kimya. Alipomaliza akaniambia, "Kaka, beki naacha. Nataka namba tisa. Wakikataa naacha mpira na shule pamoja, niende Nairobi nikatafute."

Nikamwambia shule haiachwi hivyo. Akaniangalia. "Si wewe uliacha?"

Mazee, hapo nilinyamaza. Wanaonifuata kitambo wanajua nilitoka chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imegoma na mimi mwenyewe nimeshachoka kujidanganya. Sasa natoa mahubiri gani? Nikaona bora nimtafutie mtu ambaye maisha yake yanaweza kujibu kuliko mdomo wangu. Ndiyo nikarudi kwa Musa Otieno.

Kama umezaliwa baada ya 2000 kama mimi, huenda jina hilo halikuambii kitu. Oliech unamjua. Wanyama unamjua. Mariga unamjua, kwa sababu alikuwa Inter Milan walipobeba Ligi ya Mabingwa 2010. Musa Otieno alikuwa nahodha wa Harambee Stars, beki wa kati, na kwa miaka mingi timu ya taifa ilipangwa kuanzia kwake. Lakini ukiwauliza vijana kumi pale Kalundu, ukipata wawili wanaomjua una bahati.

Alizaliwa Desemba 1973. Mwaka 1997, akiwa kijana wa miaka 23, alienda Cape Town kuchezea klabu inayoitwa Santos. Hebu tusimame hapo kidogo. Ubaguzi wa rangi ulikuwa umeisha rasmi 1994 tu. Ligi kuu mpya ya Afrika Kusini ilikuwa imeanza 1996. Leo tumezoea kusikia Mkenya ameenda kucheza huko, ni habari ya kawaida. Wakati ule ilikuwa ni kuingia nyumba ambayo rangi ya ukutani bado haijakauka.

Na Santos haikuwa timu ya matajiri. Ilikuwa timu ya mitaa ya Cape Flats, sehemu ambazo serikali ya makaburu iliwasukumia watu wasio weupe. Enzi za ubaguzi ilicheza kwenye ligi iliyokataa kugawa wachezaji kwa rangi ya ngozi, na wenyewe waliiita timu ya wananchi. Kwa hivyo Musa hakuenda kwa wakubwa. Alienda kwa watu waliozoea kujenga kidogo kidogo.

Akakaa. Hii ndiyo sehemu nilitaka mdogo wangu aisikie. Hakukaa msimu mmoja akarudi na koti jipya. Alikaa Santos zaidi ya miaka kumi, ukiondoa kipindi kifupi alichoenda kucheza Cleveland, Marekani.

Na kukaa kulizaa nini? Mwaka 2001 Santos walibeba kombe la mtoano la Afrika Kusini. Msimu wa 2001/02, chini ya kocha Gordon Igesund, wakawa mabingwa wa ligi kuu. Elewa vizuri hapo: ligi ambayo ukiitaja watu wanasikia Kaizer Chiefs, Orlando Pirates na Mamelodi Sundowns, ilichukuliwa na timu ya mtaani. Mwaka 2003 wakabeba kombe la mtoano tena. Miaka 3, mataji makubwa 3. Timu ndogo haichukui ligi kwa kufunga magoli mengi tu, wasee. Inachukua kwa kuwa ngumu kufungwa, wiki baada ya wiki, hadi wale wakubwa wachoke.

Sasa tuje nyumbani. Kenya ilikuwa haijaonekana Kombe la Mataifa ya Afrika tangu 1992. Mwaka 2004 tukaenda Tunisia, kocha akiwa Jacob "Ghost" Mulee, nahodha Musa Otieno. Mechi ya kwanza Mali walitupiga 3-1. Ya pili Senegal wakatupiga 3-0. Magoli 6 kwa mechi mbili. Ukiwa beki, hayo magoli yanaandikwa kwenye paji la uso wako. Straika akikosa nafasi husemwa ana bahati mbaya. Beki akikosea husemwa ameuza mechi.

Tarehe 2 Februari 2004 tukacheza na Burkina Faso. Safari ilikuwa karibu imekwisha. Tukashinda 3-0, na ndio ushindi wa kwanza kabisa wa Kenya katika fainali za mashindano hayo, tangu tushiriki mara ya kwanza 1972. Miaka 32 tulikuwa tukienda na kurudi bila kushinda hata mechi moja.

Mjomba wangu aliitazama mechi ile kwenye hoteli moja hapa mjini, watu wamejazana kama matatu ya jioni. Nilimuuliza waliofunga. Hakufikiria hata sekunde: Emmanuel Ake, Dennis Oliech, John Baraza. Anawataja kama watoto wake. Nikamuuliza, na beki alikuwa nani? Akakuna kichwa.

"Si alikuwa yule Musa?"

"Alifanya nini siku hiyo, mjomba?"

Akafikiri kidogo. "Hakufanya kitu. Hawakufunga tu."

Nilicheka, lakini sentensi hiyo imekaa kichwani wiki nzima. Hawakufunga tu! Timu iliyofungwa magoli 6 kwa siku chache ilimaliza mechi ya tatu bila kufungwa hata moja, na sisi tunaona hiyo ni kama hewa, imejitokea yenyewe. Kazi ya beki ikifanyika vizuri haiachi alama. Hakuna picha ya goli ambalo halikuingia.

Miezi michache baadaye, mwaka huo huo, FIFA ikaifungia Kenya kwa sababu ya vurugu za uongozi wa mpira. Ikatufungia tena 2006, halafu tena 2022. Mara 3. Nyuma ya kila tarehe hapo kuna kizazi cha vijana kilichokaa nje ya uwanja kikingoja wazee wagombane wamalize. Musa aliendelea kuvaa jezi ya Kenya katika hali hizo, na alipostaafu akarudi kwenye benchi la Harambee Stars kama kocha msaidizi.

Kuna wale watasema, "Sawa, lakini hakufika Ulaya." Nawasikia. Sisi Wakenya tumejifunza kupima mchezaji kwa ndege aliyopanda. Lakini fikiria hivi: ni watu wangapi wamepanda hiyo ndege, wakakaa benchi miezi sita, wakarudi kimya? Musa alienda mahali ambapo atacheza, akacheza, akashinda. Kwangu hiyo si kukosa ndoto. Ni kujua kazi yako.

Na kama Ulaya ndiyo unataka, pia iko. Angalia Joseph Okumu, beki mwingine. Alianzia Chemelil Sugar, akaenda Free State Stars, Afrika Kusini tena. Baadaye akashuka hadi AFC Ann Arbor, timu ndogo ya Marekani ambayo wengi wenu ndio mnaisikia sasa hivi. Hapo wengi wangerudi nyumbani. Yeye akapanda kwenda Real Monarchs. Mwaka 2019, kabla ya Kombe la Mataifa kule Misri, beki Brian Mandela aliumia goti mazoezini Ufaransa. Nafasi ikabaki wazi. Okumu, akiwa na miaka 22, akaingia.

Kenya ilipigwa 2-0 na Algeria, ikaishinda Tanzania 3-2, ikapigwa 3-0 na Senegal. Umeona? Senegal tena, 3-0 tena, kama 2004. Lakini miezi miwili haikuisha kabla Okumu hajasajiliwa na Elfsborg ya Sweden. Akaenda Gent ya Ubelgiji, akabeba Kombe la Ubelgiji 2022, halafu Reims ya Ufaransa 2023. Hakuna hatua hata moja hapo iliyokuja kwa kuacha kuwa beki.

Nina mfano wa karibu zaidi, huu tumeuona wote kwa macho. Agosti 2025, mashindano ya CHAN hapa kwetu. Kenya iliwafunga Congo, Morocco na Zambia, kila mmoja 1-0, na ikatoka sare ya 1-1 na Angola. Mechi 4, tumefungwa goli moja. Sote tuliimba jina la Ryan Ogam, na alistahili. Lakini 1-0 mara tatu ni kazi ya watu wa nyuma, jameni. Hata robo fainali dhidi ya Madagascar, kabla hatujatolewa kwa penalti, goli letu lilifungwa na beki, Alphonce Omija. Na kocha alikuwa nani? Benni McCarthy, mtoto wa Hanover Park, Cape Town. Mji ule ule ambao Musa aliupa ujana wake. Historia ina tabia ya kuzunguka namna hiyo.

Sasa turudi jikoni kwa mama.

Nilimsimulia mdogo wangu yote haya. Alisikiliza, hilo nitamsifu. Kisha akauliza swali gumu zaidi: "Kama alikuwa mzuri hivyo, mbona simjui?"

Sikuwa na jibu la kumficha. Nilimwambia humjui kwa sababu sisi hatukumwandika. Tuliandika magoli. Mpira wetu wa miaka hiyo umebaki kwenye vichwa vya wajomba, na wajomba wanakumbuka walichoshangilia. Kosa si la Musa na si lako. Ni letu, na mimi mwenye simu na bando nimo.

Kuhusu shule nilimwambia ukweli ambao huwa sisemi hapa. Mnaniona nikicheka kwenye video, hamnioni saa nane usiku nikihesabu pesa ya intaneti. Kuacha chuo hakukunifanya shujaa. Kuna milango naiona imefungwa hadi leo, na sijui kama nitarudi kuibisha. Nilimwambia asinitumie mimi kama ruhusa. Kama anataka mfano wa mtu aliyeondoka nyumbani kwenda kutafuta, achukue wa Musa: alienda akiwa na timu inayomngoja, na alipofika alikaa.

Hakunijibu. Alichukua daluga zake akatoka nje kuzipiga matope. Sijui ameamua nini.

Mimi nimeamua langu. Jumamosi ijayo naenda uwanjani na simu, na sitarekodi magoli. Dakika zote 90 kamera itamfuata namba nne peke yake, hata akisimama tu. Nanyi kama mna baba, mjomba au jirani aliyewahi kucheza beki, hata kama ni timu ya soko, muulizeni wiki hii mechi gani hawakufungwa. Mrekodini akiwa bado anakumbuka.