Mapazia ya Model T: Nani Alistahili Kubaki Mkavu?

Gari lililompa Mmarekani wa kawaida usukani halikuwa na madirisha. Ford Model T ilitoka mwaka 1908, na kufikia 1927 zaidi ya milioni 15 zilikuwa zimeundwa. Muundo uliotamba kwa miaka mingi ni ule wa wazi: viti viwili virefu, kioo cha mbele, paa la turubai la kukunja, na pembeni hewa tupu. Mvua ikija, dawa ilikuwa moja tu. Mapazia.

Usifikirie mapazia ya sebuleni. Haya yalikuwa vipande vya kitambaa kizito cheusi kisichopitisha maji, na katikati kumeshonewa dirisha dogo la plastiki. Siku za jua yalikaa yamekunjwa ndani ya gari. Wingu likitanda, dereva anasimama kando ya barabara, anachomoa furushi, halafu anaanza kukisia: hiki ni cha mbele kulia ama cha nyuma kushoto? Kila kipande kina umbo lake na vifungo vyake. Akimaliza kulivalisha gari, yeye mwenyewe amelowa chapachapa na pengine mvua imeshakatika. Ndani kuna giza, pembeni huoni vizuri, na kutoa mkono nje kuonyesha kwamba unakata kona ni kibarua, maana taa za kuashiria hazikuwepo.

Mbona watu walivumilia? Jibu ni bei. Mwaka 1925, Model T ya wazi ya abiria watano iliuzwa dola 290. Ile ya milango miwili yenye paa gumu na vioo ilikuwa dola 580. Mara mbili kamili. Injini ilikuwa ileile, barabara ileile yenye matope. Sehemu kubwa ya hizo dola 290 za ziada ilikununulia ukavu. Wakulima, walimu na wafanyakazi wa viwandani walipiga hesabu, wakachukua gari la wazi, wakamshukuru Mungu kwa mapazia.

Lakini hebu tazama kile kidirisha cha plastiki, kwa sababu historia yake inapita huku kwetu.

Katika karne ya 19, Zanzibar ilikuwa soko kubwa la pembe za ndovu. Misafara ilizibeba kutoka bara hadi pwani, mabegani mwa watu, wengine wao watumwa. Wafanyabiashara Wakamba nao walizifikisha Mombasa. Wanunuzi Wamarekani walizisafirisha hadi jimbo la Connecticut, ambako viwanda vilizikata kuwa vibao vya piano. Pembe pia ndiyo iliyotengeneza mipira ya biliadi. Bei ilipozidi kupanda, wenye biashara ya biliadi wakaanza kusaka kitu mbadala, na John Wesley Hyatt akaingia kwenye msako huo. Yeye na kakake wakapata hataza ya seluloidi mwaka 1870: pamba iliyotiwa asidi, ikachanganywa na kafuri.

Seluloidi ilifanya kazi nyingi kuliko biliadi. Ikawa vitana, ikawa filamu za sinema, na ilipotengenezwa nyembamba na angavu ikawa dirisha la pazia la gari. Ilikunjika bila kuvunjika kama kioo, na haikuwa nzito. Shida ni kwamba jua liliigeuza manjano, baridi iliifanya ipasuke, na moto ukiigusa iliwaka ghafla. Kwa hivyo familia ikijifunika dhidi ya mvua, ilikuwa inachungulia nje kupitia kitu kilichobuniwa kwa sababu ndovu wa Afrika walikuwa ghali mno. Mwenye gari hakuwa na njia ya kujua hilo. Sisi tunayo.

Mapazia hayakushindwa na mapazia bora zaidi. Yalishindwa na hesabu. Kampuni ya Hudson ilileta gari la kufungika kwa jina la Essex kwa dola 1,495, kisha ikazidi kushusha bei hadi mwaka 1925 likawa rahisi kuliko Essex ya wazi. Huko Marekani, magari ya kufungika yalikuwa kama asilimia 10 ya yaliyouzwa mwaka 1919. Mwaka 1927 yalifika asilimia 85. Miaka minane tu! Watu hawakuwa wamependa upepo usoni muda wote huo. Walikuwa wakingoja bei ishuke.

Leo, mwenye Model T ya wazi anayetaka kulivalisha mapazia ana kazi ya subira. Fundi anayejua kazi yake haanzi na mapazia, anaanza na paa, kwa sababu paa likilegea hata kidogo, vifungo vya juu havitakutana. Anakata kielelezo cha karatasi juu ya gari lenyewe, maana bodi hizi zina mbao ndani na mbao hupinda na umri. Kipimo cha gari la jirani hakitafaa. Anafunga safu ya juu kwanza, kisha anashuka. Pazia la mbele linalalia la nyuma kwa nje, kama mabati yanavyolaliana, ili upepo wa mwendo usipenye. Kutoboa tundu za vifungo kunakuja mwisho, kwa sababu tundu kwenye bodi ya miaka 100 halirudishiki.

Halafu kuna swali la dirisha. Uweke plastiki ya kisasa isiyowaka hivyo, ama utafute seluloidi ili gari libaki la kweli? Mimi niko upande wa plastiki ya kisasa. Gari linalotembea linabeba watu, na hakuna historia inayostahili kuunguza mtu. Ila pazia la zamani, hata likiwa manjano na limepasuka, lisitupwe. Likunjwe, liwekwe, lionyeshwe.

Nasema hivyo kwa sababu pazia bado ni la maana. Panda tuktuk Mombasa ama Kisumu msimu wa mvua, utaona dereva akiteremsha plastiki angavu pembeni na kuifunga. Wazo ni lilelile, na sababu ni ileile: gari lenye vioo lipo, lakini ni ghali. Watu husema teknolojia inasonga mbele. Kweli inasonga, ila haiwafikii wote siku moja, na ukitaka kujua imefika wapi, angalia nani analowa.