Kutumia mafaili yaleyale katika Windows na Linux
Kompyuta moja yaweza kubeba mifumo miwili ya uendeshaji, Windows na Linux, mtumiaji akachagua mmojawapo kila aiwashapo. Tatizo huwa mafaili: Windows yenyewe haisomi diski iliyoandaliwa kwa mpangilio wa ext4 wa Linux, ilhali Linux husoma na kuandika NTFS ya Windows. Hivyo, ni vyema kutenga sehemu ya diski yenye NTFS kwa ajili ya nyaraka na picha.

Hata hivyo, tahadhari inahitajika. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kompyuta iliyozimwa kwa kawaida huweza kuiacha Windows imelala tu. Linux ikiandika humo wakati huo, mafaili yanaweza kuharibika. Ondoa kwanza mpangilio wa kuwaka haraka, na uweke nakala kwenye diski nyingine.