Kutoka Kibong'oto hadi Temeke

Mwaka 1926 ilifunguliwa Kibong'oto, upande wa Siha, Kilimanjaro, hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu. Dawa ya ugonjwa huo ilikuwa bado haijagunduliwa. Kilichokuwapo ni hewa ya mlimani, chakula, kitanda na subira. Mgonjwa aliweza kukaa huko miezi na miezi huku shamba lake likiota magugu. Imani ya zama zile, huku kwetu na Ulaya, ilikuwa kwamba kifua kikuu hutibiwa kitandani, na asiyeweza kugharamia kitanda basi tena.

Imani hiyo ilivunjikia Madras, India. Kuanzia 1956 mtafiti Wallace Fox na wenzake waliwagawa wagonjwa makundi mawili. Wengine walilazwa, wakalishwa vizuri. Wengine walirudi kwenye vyumba vyao vya msongamano na mlo wao hafifu. Kufikia hapo dawa zilikuwa zimeshapatikana, na wote walipewa zilezile. Ripoti ya 1959 ilionyesha kuwa waliotibiwa nyumbani walipona karibu sawasawa na waliolazwa, na ilibainika pia kwamba jamaa zao hawakuambukizwa zaidi. Kumbe fedha zote zile za vitanda zilikuwa hazinunui uponyaji.

Likabaki tatizo la muda. Afrika Mashariki dawa za bei nafuu, isoniazidi na thiasetazoni, zilitakiwa kunywewa mwaka mzima au zaidi. Kikohozi kinatulia mwezi wa pili, nguvu zinarudi, palizi inangoja. Mtu anaacha dawa. Mimi simlaumu. Mwaka 1970 watafiti wa ukanda wetu na wenzao wa Uingereza walianza kujaribu dozi ya miezi 6, na matokeo yakatoka 1972. Kwa waliotumia streptomaisini, isoniazidi na rifampisini, ugonjwa uliwarudia watu wapatao 3 kati ya 100. Kwa waliotumia zile mbili tu, bila rifampisini, uliwarudia zaidi ya 20.

Lakini rifampisini ilikuwa ghali mno, na wengi waliamini nchi maskini haiwezi kuinunua. Aliyekataa hukumu hiyo ni Karel Styblo, daktari kutoka Chekoslovakia, ambaye mwenyewe aliugua kifua kikuu akiwa mfungwa wa Wanazi huko Mauthausen. Alishirikiana na Watanzania katika mpango wa taifa ulioanza 1977, na miaka ya 1980 wakaingiza tiba ya miezi 8: miwili ya dawa kali, mgonjwa akimeza mbele ya muuguzi, kisha sita ya zile za bei nafuu nyumbani.

Kwangu mimi, kazi yao kubwa kuliko zote ni daftari. Kila wilaya ilikuwa na mratibu na rejista yake. Makohozi yanapakwa kwenye kioo, yanatiwa rangi, na chini ya hadubini vimelea vinaonekana kama vijiti vyekundu. Jibu linaandikwa mbele ya jina. Baada ya miezi miwili yanapimwa tena, na mwisho wa tiba tena. Kila jina lazima lifungwe: amepona, amefariki, ameacha dawa, amehama. Hakuna aliyeruhusiwa kupotea kimyakimya, na hilo halikuhitaji mashine ya bei kubwa.

Watafiti walipopiga hesabu kwa Tanzania, Malawi na Msumbiji, wakachapisha 1991, waligawa gharama kwa idadi ya waliopona badala ya kuangalia bei ya kopo la dawa. Tiba fupi yenye dawa ghali ikaonekana nafuu karibu katika kila hali kuliko ile ndefu yenye dawa rahisi, kwa sababu iliponya wengi zaidi.

Hata hivyo, katika ile miezi miwili ya mwanzo mgonjwa bado alilazimika kufika kituoni kila siku kumeza dawa. Utafiti wa Temeke, Dar es Salaam, uliochapishwa 2005, ulilinganisha utaratibu huo na ule wa kumeza dawa karibu na nyumbani, chini ya uangalizi wa ndugu au mwanajamii. Gharama kwa mgonjwa mmoja zilishuka kutoka dola 145 hadi 94. Huduma ya afya iliokoa kiasi cha asilimia 27, na wagonjwa wenyewe asilimia 72: nauli zao, na saa zao za kazi.