Dawa Zilizojitembeza Magazetini

Wazee wetu walisema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Mithali hii tuliikumbuka mwaka huu, mzee mmoja jirani yetu alipouza mbuzi wawili apate kununua chupa tatu za dawa aliyoiona katika simu ya mjukuu wake. Dawa ililetwa kwa basi, naye akaacha vidonge vya ugonjwa wa sukari alivyopewa hospitali. Hazikupita wiki tatu, akachukuliwa hajitambui. Twamshukuru Mungu, alipona. Lakini watu wengi walitikisa kichwa wakasema, "Haya ndiyo mambo ya siku hizi."

Ndugu wasomaji, si mambo ya siku hizi. Yalikuwako zamani kabla ya simu za mkononi, na njia yake ilikuwa gazeti na posta. Leo twataka kueleza habari za dawa moja tu ya namna hiyo, maana ukiijua moja umezijua nyingi.

Mwaka wa 1890, katika mji mdogo wa Brockville nchini Kanada, alikuwako muuza dawa jina lake George Taylor Fulford. Mwaka huo alinunua kwa daktari mmoja, William Jackson, haki ya kutengeneza na kuuza vidonge fulani. Alitoa dola 53 na senti 1. Vidonge hivyo vilipakwa sukari ya rangi ya waridi, vikaitwa Dr Williams' Pink Pills for Pale People, yaani vidonge vya waridi kwa watu waliopauka. Fulford hakuwashinda wenzake kwa utabibu. Aliwashinda kwa kutangaza. Baada ya miaka si mingi vidonge vyake viliuzwa katika nchi zaidi ya 80. Mwenyewe akawa mjumbe wa Seneti ya Kanada mwaka wa 1900, akajenga nyumba ya vyumba 35 karibu na mto St Lawrence, nayo ingali imesimama hata leo, na watu huenda kuitazama.

Je, alitangaza kwa njia gani? Tutazame magazeti ya makoloni ya Waingereza ya siku zile, kama ya New Zealand na Australia. Mengi yalikuwa magazeti madogo ya miji midogo, na fedha za wasomaji peke yake hazikutosha kuyalisha. Tangazo la vidonge halikuja kwa sura ya tangazo. Lilikuja kwa sura ya habari. Lilikuwa na kichwa chake kama habari nyingine, likasimulia juu ya msichana aliyekuwa akififia siku hata siku, au mkulima aliyeshindwa kuinuka kitandani. Jina la mgonjwa lilitajwa, na mji wake, na maneno aliyoyasema. Msomaji alisoma kwa huruma, hata alipofika mistari ya mwisho ndipo alipokuta jina la vidonge. Chini yake iliandikwa bei: shilingi 3 kwa kijaluba kimoja, shilingi 16 na peni 6 kwa vijaluba sita. Na mtu asiye na duka karibu aliambiwa apeleke fedha kwa posta mpaka Wellington, naye ataletewa.

Tusiwacheke watu wale. Shamba lilikuwa mbali, na daktari alikuwa mbali zaidi, na malipo yake makubwa. Tarishi wa posta alifika mahali ambapo daktari hakufika. Tena kuna magonjwa ambayo mtu huona haya kuyataja mbele ya mtu mwingine, lakini barua haimtazami mtu usoni. Juu ya hayo yote, aliyeshuhudia alikuwa mtu wa kawaida kama yeye, na gazeti lililoleta ushuhuda lilikuwa lile lile lililomletea bei za sufu na habari za vita. Kama mambo mengine ya gazeti ni kweli, kwa nini hili lisiwe kweli?

Mwaka wa 1909 chama cha madaktari wa Uingereza kilitoa kitabu juu ya dawa za siri, kiitwacho Secret Remedies. Wataalamu walikuwa wamezipima dawa nyingi ili wajue kilichomo. Katika vidonge vya waridi walikuta chumvi ya chuma pamoja na vitu vingine vya kawaida. Na hapa yatupasa kusema haki: chuma ni dawa ya kweli kwa mtu aliyepungukiwa na damu kwa kukosa chuma mwilini. Tabibu Mfaransa, Pierre Blaud, aliwapa wagonjwa wake vidonge vya chuma tangu mwaka wa 1832. Basi msichana yule aliyepauka, aliyeandika kushukuru, huenda alisema kweli tupu.

Udanganyifu ulikuwa wapi, basi? Ulikuwa katika mambo mawili. La kwanza, vidonge vile vile viliuzwa kwa mwenye baridi yabisi na kwa mwenye kupooza, ambao chuma hakiwezi kuwaponya. Ushuhuda wa kweli wa mmoja ulifanywa chambo cha kuwavulia wengine. La pili ni bei. Huko Uingereza vidonge 30 viliuzwa kwa shilingi 2 na peni 9, yaani peni 33. Na wapimaji walikadiria kwamba vitu vilivyomo vilipata thamani ya sehemu moja ya kumi ya peni. Aliyesoma hesabu na aigawanye: ni mara 330.

Labda msomaji atauliza, "Magazeti hayakuwaonya watu?" Yaliyoonya yalikuwa machache, kwa kuwa aliyekula mezani hamsemi mwenye meza. Mwaka wa 1905 gazeti la Collier's la Marekani lilifunua mambo ya mikataba ya matangazo. Frank J. Cheney, mwenye dawa ya mafua ya kudumu, alikuwa ameweka sharti kwamba mkataba utavunjika ikiwa serikali ya jimbo itatunga sheria ya kudhuru biashara yake. Kwa hiyo mwenye gazeti alijikuta amekuwa mlinzi wa dawa asiyoijua. Hata magazeti ya dini huko Marekani yalikuwamo katika jambo hili, na sisi tunaoandika katika gazeti la namna hiyo twalisema kwa kuona haya. Na huko Uingereza, kitabu cha madaktari kilipotolewa, magazeti mengi yalikataa kukitangaza.

Barua za wagonjwa nazo hazikuwa salama. Huko Marekani mtu alimwandikia muuza dawa siri ya mwili wake, na barua yake ikauzwa kwa wauzaji wengine pamoja na maelfu ya barua nyingine, nao wakamwandikia kila mmoja na dawa yake.

Hata hivyo kweli haikufa. Marekani ilitunga sheria mwaka wa 1906, ikaamuru kwamba dawa yenye kileo, afyuni au kokeini iandikwe hivyo juu ya chupa. Australia iliunda tume chini ya Octavius Beale, mtengenezaji wa piano, nayo ikatoa taarifa mwaka wa 1907. New Zealand ilitunga sheria ya kuzuia udanganyifu wa dawa mwaka wa 1908. Uingereza ilichelewa: taarifa ya kamati ya Bunge ilitoka Agosti 1914, vita vikaifunika, na sheria ya kuwataka wauzaji waonyeshe kilichomo katika dawa haikupatikana mpaka 1941. Fulford hakuyaona hayo, maana alikufa Oktoba 1905 kwa ajali ya motokaa.

Mzee jirani yetu aliporudi nyumbani, tulikwenda kumjulia hali, tukaomba kuitazama ile chupa. Tuliisoma pande zote. Magonjwa tisa yaliandikwa, na shuhuda za watu watatu waliopona. Juu ya kilichomo ndani, halikuwako neno hata moja. Mzee akatuuliza, "Mwalimu, wewe wajua kusoma, mbona hukunisomea kabla sijauza mbuzi?" Hatukuwa na jibu. Basi ninyi mnaojua kusoma, wasomeeni wazee wenu mapema.