Usipoziba Ufa: Historia Fupi ya Virusi vya Kompyuta

Wengi wakisikia habari za wadukuzi hudhani hiyo ni shida ya mabenki ya Nairobi, si ya mtu mwenye kompyuta moja nyumbani kwake Ishiara. Lakini tukiitazama historia tutaona mambo sivyo.

Kwanza, virusi havikungoja intaneti. Brain, kirusi cha kwanza kuenea kwenye kompyuta za IBM PC, kiliandikwa mwaka 1986 na ndugu wawili wa Lahore, Pakistan. Kilisafiri kwa disketi, mkono kwa mkono. Kukaa mbali na mtandao hakukuwa kinga.

Disketi zilipopitwa na wakati, flashi ikarithi kazi hiyo. Hapa Kenya, nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009. Kabla ya hapo intaneti ilitegemea setilaiti, nayo ilikuwa ghali na ya polepole. Kwa hiyo faili zilibebwa mfukoni: flashi moja iliingia kompyuta ya saiba, ikaingia ya shule, kisha ya nyumbani.

Novemba 2008 kikatokea Conficker. Kilipenya kupitia ufa uliokuwa ndani ya Windows, na toleo lake la baadaye likajifunza kuruka kwa flashi pia. Jambo la kushangaza ni kwamba Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha kuziba ufa huo tarehe 23 Oktoba, mwezi mmoja kabla! Mamilioni ya kompyuta ziliambukizwa kwa sababu hazikuwekewa kiraka.

Je, dunia ilijifunza? Kiraka kilichoweza kuizuia WannaCry kilitolewa Machi 2017. Tarehe 12 Mei mwaka huo huo ikafunga mafaili ya watu katika nchi zaidi ya 150 na kudai malipo ili iyafungue. Dawa ilitangulia ugonjwa mara ya pili.

Tusiwalaumu watu upesi. Masasisho hula bando, na bando ni pesa. Anayenunua megabaiti kwa hesabu huzima masasisho ili zimtoshe. Wengine hutumia Windows ya kunakili na huogopa kuisasisha. Lakini pima gharama: picha za familia, vyeti vya watoto, hesabu za ndengu na muguka za miaka mitano. Hayo yakifungwa, bando halitayarudisha.

Historia hii haijaisha. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha usaidizi wa kawaida wa Windows 10, na viraka vya usalama sasa ni vya waliojiandikisha kuongezewa muda. Ikiwa kompyuta yako ni ya Windows 10, hakikisha umejiandikisha, au hamia Windows 11 kama mashine inaikubali. Ikishindikana, Linux ni ya bure na viraka vyake vinaendelea kutolewa.

Mengine ni mepesi. Sasisha ukipata Wi-Fi ya saiba au ya rafiki unayemwamini. Kagua kila flashi kwa programu ya kuzuia virusi kabla ya kuifungua. Weka nakala ya mafaili yako kwenye diski ya nje, kisha ichomoe, maana kirusi hakifikii diski iliyo kabatini.

Haya ndugu, leo jioni fungua sehemu ya masasisho uangalie tarehe ya mwisho. Tukutane tena!