Nani Aliwaambia Chuma Kizuri Lazima Kitoke Ng'ambo?

Wacha niseme kitu kitakachowaudhi watu wa "mimi nanunua orijino tu". Kile kisu cha kukunja kinachong'aa, ulichonunua pale stendi ya Kisumu kwa sababu ubavuni kimeandikwa stenlesi, hakijakuahidi chochote kuhusu makali. Neno hilo linaongea juu ya kutu tu. Ni kama mtu akuambie gari lina rangi nzuri, wewe usikie lina injini nzuri.

Stenlesi ni chuma kilichochanganywa na kromiamu, karibu asilimia 11 kwenda juu. Harry Brearley alikipata kule Sheffield, Uingereza, mwaka wa 1913, na wala hakuwa anatafuta kisu. Alikuwa anatafuta chuma cha mitutu ya bunduki ambacho hakiliki haraka. Makali ni hadithi nyingine. Makali yanatoka kwa kaboni, na kwa jinsi chuma kilivyopashwa moto kisha kikapozwa. Kuna stenlesi nzuri sana duniani, sikatai. Lakini ile ya bei ya soda mbili huwa na kaboni kidogo na imepikwa harakaharaka. Unaikata kamba ya sandarusi asubuhi, jioni inaparuza embe badala ya kulikata.

Sasa twende nyuma kidogo, maana hapa ndipo hii maneno inanichoma.

Watoto wa ziwa tumelelewa tukiamini chuma kilikuja na treni. Treni ilifika Kisumu mwaka wa 1901, enzi hizo mji ukiitwa Port Florence. Sawa. Lakini kuna vyungu vya zamani vyenye kishimo kitakoni ambavyo wanaakiolojia duniani kote wanaviita Urewe, na Urewe ni kwetu hapa Siaya. Mwaka wa 1948 Mary Leakey na wenzake ndio walioandika juu ya vyungu hivyo kutoka upande huu wa ziwa. Vyungu vya aina hiyo vinaonekana kuzunguka ziwa pamoja na dalili za kuyeyusha chuma, zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Yaani jina la kijiji chetu limekuwa jina la enzi nzima ya chuma, na wengi wetu tunalipita kwa matatu bila kugeuza shingo.

Vuka ziwa hadi Kagera, Tanzania. Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha utafiti mwaka wa 1978 wakisema mababu wa eneo la Wahaya walikuwa wakitengeneza chuma chenye kaboni, pua yenyewe, kati ya miaka 1,500 na 2,000 iliyopita. Miaka miwili kabla ya hapo, wazee wa Kihaya walikuwa wamejenga tena tanuri kwa kumbukumbu. Udongo wa kichuguu, mivukuto, makaa. Chini ya tanuri walichimba shimo wakalijaza matete ya kinamasi yaliyochomwa. Hayo matete si mapambo. Ni kaboni hiyo, inaingia ndani ya chuma. Wataalamu bado wanabishana jinsi hewa ilivyopata joto kwenye mabomba ya udongo, na wabishane tu, ni kazi yao. Mimi niliacha yunivasiti kwa hivyo sitajifanya profesa. Lakini chuma chenyewe kilichimbwa, kikapimwa, kiko.

Na hapa Kenya, Wasamia walijulikana kwa majembe yao. Jembe la Samia lilivuka hadi kwa Waluo, likawa mali ya biashara na hata ya mahari. Fikiria hiyo: chuma kilikuwa pesa. Halafu reli ikaleta majembe ya Ulaya kwa wingi, na matanuri yakazimika. Watu hawakusahau kazi kwa uvivu. Soko lilifungwa mbele ya macho yao.

Sasa sikia hii. Mwaka wa 1902, mwaka mmoja tu baada ya treni kufika Kisumu, Ujerumani ilianza kutengeneza kisu cha kukunja kiitwacho Okapi. Kile cha mpini wa mbao wenye mwezi na nyota. Kilitengenezwa mahsusi kwa makoloni ya Wajerumani Afrika. Na Bukoba, kwa Wahaya haohao, ilikuwa ndani ya koloni. Watu ambao mababu zao walipika pua kabla Berlin haijawa mji, wakauziwa kisu cha mfukoni kama zawadi ya ustaarabu. Na uchungu zaidi ni kwamba Okapi ni kisu kizuri! Kimekaa zaidi ya karne, siku hizi kinatengenezwa Afrika Kusini, na siri yake ni chuma cha kawaida chenye kaboni. Hakuna uchawi wowote wa ng'ambo mle ndani.

Basi utajuaje kisu chako kiko aje? Usinitolee sumaku, tafadhali. Stenlesi nyingi za visu zinashika sumaku vilevile, kwa hivyo jaribio hilo la mtaani halikuambii kitu. Kata chungwa, uache maji yake kwa makali dakika kumi. Kikigeuka kijivu au bluu-nyeusi, hicho ni cha kaboni. Kikibaki kinang'aa, ni stenlesi. Kisha chukua kamba ya katani, sio nailoni, ukate vipande hamsini. Katani inamaliza makali haraka, haina huruma. Baada ya hapo jaribu karatasi. Kikirarua badala ya kukata, ushajua. Na ukikinoa kwa jiwe, hesabu muda: cha kaboni kinarudi haraka, na hiyo ndiyo raha yake.

Ubaya wake pia niseme. Ukipasua mbuta pale Dunga halafu ukikunje kisu cha kaboni kikiwa na maji, kesho bawaba imeshika kutu na inanuka. Kipanguse, tia tone la mafuta ya kupikia. Ziwa letu angalau si chumvi, Mombasa ningekushauri vingine. Na jamani, msikibebe kwa maandamano. Polisi hatakuuliza kaboni ni asilimia ngapi.

Pale Kibuye mafundi wanafua visu na mapanga kutoka kwa springi za malori. Springi ya lori ni chuma cha kaboni cha kama nusu asilimia au zaidi kidogo, kinavumilia kupigwa, na ukikipasha moto vizuri ukakizima kwenye mafuta, kinashika makali kuliko hiyo stenlesi yako ya stendi. Lakini mteja anafika, anaangalia, anasema "hii ni ya lokali", anashusha bei mpaka mia moja. Huyohuyo anaenda supamaketi analipa mia nane bila kufungua mdomo.

Nilimuuliza fundi mmoja kwa nini hafui vya kukunja. Kisu cha kukunja cha zamani kabisa ni bapa, ribiti moja na mti uliochongwa mfereji, hata Opinel ya Wafaransa ilikaa miaka mingi bila pete ya kufunga. Akanijibu, "Kijana yangu, hakuna mtu ashawahi kuuliza."

Nimeuliza. Tumekubaliana bei na sikuomba punguzo. Ameniambia nilete springi mwenyewe, na nisimletee kipande cha jalalani kilichoungua. Nikikipata tutakigusisha greinda kwanza: chuma chenye kaboni hutoa cheche zinazopasuka kama nyota nyingi, stenlesi hutoa chache, fupi, nyekundu. Nitawawekea video ya cheche kabla ya kisu.