Historia ya Bethesda, Mji wa Sleti

Kaskazini-magharibi mwa Wales, mto Ogwen ukishuka kutoka milima ya Eryri kwenda baharini karibu na Bangor, unapita chini ya mlima uliochongwa ngazi juu ya ngazi. Hapo ndipo Penrhyn, machimbo ambayo mwishoni mwa karne ya 19 yalihesabiwa kuwa makubwa kuliko yote ya sleti duniani. Chini ya mlima pana mji wa Bethesda. Watu wake walibishana na wenye mlima kwa vizazi kadhaa juu ya jambo moja: jiwe lina mwenyewe, lakini kazi ni ya nani?

Mwenye jiwe alikuwa Richard Pennant, mbunge wa Liverpool, aliyetajirika kwa mashamba ya miwa ya Jamaica yaliyolimwa na watumwa. Bungeni alipinga kukomeshwa kwa biashara ya watumwa. Milimani alitafuta mali mpya. Kabla yake wenyeji walikuwa wakichimba vishimo vidogo na kulipa kodi. Kuanzia miaka ya 1780 Pennant alivitwaa, akaviunganisha kuwa machimbo mamoja, akatengeneza barabara na bandari, na mwaka 1801 akaweka reli ya mabehewa yaliyovutwa na farasi hadi pwani. Faida ya jasho la Jamaica ikawa mtaji wa Wales. Warithi wake wakajijengea kasri lenye minara karibu na Bangor.

Mji ulikuja baadaye. Mwaka 1820 Waprotestanti wasiofuata kanisa la serikali walijenga kanisa lao kando ya barabara kuu ya kutoka London, wakaliita Bethesda, na jina hilo likaenea kwenye nyumba zote zilizolizunguka. Ukoo wa Pennant haukutaka vilabu vya pombe kwenye ardhi yake, basi vikajipanga upande mmoja tu wa barabara.

Sleti ni jiwe linalopasuka kwa tabaka. Fundi huliweka pande la jiwe gotini, akaingiza patasi pana, akagonga kidogo kwa nyundo ya mti, likaachana kuwa vigae vyembamba vya kuezekea. Mwaka 1842 Hamburg ilipoteketea kwa moto, Wajerumani waliagiza vigae vya Wales kujenga upya. Lakini jiwe halilingani: hapa linapasuka vizuri, hatua chache mbele limejaa kasoro. Kwa hiyo mshahara haukuwa wa siku. Kila mwezi kikundi cha watu wachache kilipewa kipande cha mwamba, na wakuu wa kikundi walipatana bei na msimamizi: mwamba mbaya bei juu, mwamba mzuri bei chini. Wawili walining'inia mwambani, kamba imezungushwa pajani, wakitoboa na kutia baruti. Wenzao walikaa bandani wakipasua na kukata. Makubaliano hayo waliyaita bargen, na kwayo mchimbaji alijiona mpatanaji wala si kibarua.

Saa ya chakula walikusanyika katika kibanda kilichoitwa caban. Palikuwa na mwenyekiti na ratiba: mashairi yalishindanishwa, hotuba za Jumapili zikachambuliwa, siasa zikabishaniwa, yote kwa Kiwelisi. Chuo kikuu kilipofunguliwa Bangor mwaka 1884, sehemu ya fedha ilitoka kwenye mishahara ya wachimbaji wa eneo hilo, watu ambao wengi wao hawakupata kusoma zaidi ya shule ya Jumapili.

Chama cha wachimbaji wa Wales Kaskazini kilianzishwa mwaka 1874, na mwaka huohuo Penrhyn ilikubali mkataba uliotambua kamati ya wafanyakazi. Mwaka 1885 George Douglas-Pennant, mrithi wa ukoo, aliuvunja. Kwake, machimbo yalikuwa mali yake binafsi na hakuna kamati ya kumuuliza. Mwaka 1896 kazi ilisimama kwa miezi 11 bila suluhu. Mwaka 1900 akapiga marufuku kuchangisha ada za chama machimboni, na sehemu za mwamba zikaanza kutolewa kwa makandarasi wakubwa. Makandarasi hao walipofukuzwa kwa nguvu, wachimbaji 26 walishtakiwa, na askari wakaletwa. Tarehe 22 Novemba, watu wapatao 2,800 waliweka zana chini wakatoka.

Walikaa nje miaka mitatu. Kwaya tatu za mji zilizunguka Uingereza kuchanga fedha. Vijana wengi wakaenda kusini kuchimba makaa ya mawe. Juni 1901 takriban watu 400 walirudi kazini, na bwana akampa kila mmoja sarafu ya dhahabu ya pauni moja. Madirishani mwa waliobaki vikatokea vibao vilivyotangaza kuwa nyumba hiyo haina msaliti. Waliorudi walijengewa nyumba katika kijiji cha Tregarth. Ndugu wakaacha kusalimiana, na waumini wakahama makanisa. Novemba 1903 mgomo ulikwisha bila kupata chochote, na wengi hawakupokelewa tena. Wakati huo soko nalo lilikuwa limeanza kuhamia kwenye vigae vya bei nafuu.

Caradog Prichard alizaliwa Bethesda mwaka 1904, na baba yake akafia machimboni mwaka uliofuata. Riwaya yake ya mwaka 1961, juu ya kijiji cha wajane na watoto, huhesabiwa miongoni mwa kazi kuu za Kiwelisi. Vumbi la sleti nalo liliendelea kuua kwa maradhi ya mapafu. Kwa miaka mingi madaktari wa machimbo walilaumu chai iliyochemshwa mno. Sheria ya fidia ya mapafu ilikuja mwaka 1979.

Kasri la ukoo wa Pennant liko mikononi mwa shirika la National Trust tangu 1951, na leo mgeni huelezwa habari za Jamaica. Bado zipo familia za Bethesda ambazo hazijakubali kuingia humo. Mwaka 2021 UNESCO iliingiza mandhari ya sleti katika urithi wa dunia, na katika sensa ya mwaka huo zaidi ya watu sita kati ya kumi wa jimbo la Gwynedd walisema wanajua Kiwelisi. Penrhyn bado inatoa mawe kwa kazi ya watu wachache wa mshahara. Kupatana bei ya mwamba kumekwisha, na mashine zinakata na kubeba, ingawa kigae kizuri kingali kinapasuliwa kwa patasi na mkono wa fundi.